Hongera, Umeiteka Dronga

Ipo nchi moja ambayo si hii yetu. Mwenye kudhani ni hii yetu, hilo ni lake na nafsi yake, asije kuwaponza watu wengine wenye familia. Nchi yenyewe inaitwa Jamhuri ya Hongera, na wenyeji wake ni Wahongera, watu wapole, wanaovaa vizuri, wenye viganja vigumu kwa sababu ya kupiga makofi tangu chekechea.

Ibara ya kwanza ya Katiba ya Hongera ni fupi, hata mlevi anaikumbuka: mtu akishapongezwa hadharani kwa jambo, basi jambo hilo amelitenda, na pongezi hairudishwi. Ibara ya pili inasema anayerudisha pongezi ni mhaini. Ibara nyingine zipo, ila zimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo hajulikani aliko.

Mvua ikinyesha Hongera, anapongezwa Waziri wa Maji. Isiponyesha, anapongezwa Waziri wa Barabara, kwa kuwa barabara zimebaki salama. Kuna bwana mmoja wa mtaa wa Mikoroshini aliunguliwa na nyumba. Diwani akapita bila miwani, akaona watu wamejaa na moshi unapaa, akadhani ni shughuli, akampongeza mbele za watu kwa kumwoza binti yake. Yule bwana hakuwa na binti. Ilibidi atafute mtoto wa kulea, amkuze, amsomeshe, amwoze, na hapo ndipo polisi walipoacha kumfuatafuata.

Na hivyo hivyo ndivyo Mheshimiwa Anzuruni Kachenje alivyopata kuwa Waziri wa Ulinzi. Yeye kwa asili ni bwana mifugo. Mbuzi ndiyo fani yake; ukimletea mbuzi anayekohoa atakwambia hata aliyemwambukiza. Siku moja aliitwa Ikulu kuchanja mbuzi wa Mtukufu Rais Eliakimu Tandawala, na siku hiyohiyo Mtukufu alikuwa akimsubiri jenerali amwapishe. Mtukufu akatoka barazani, akaona mtu kasimama kikakamavu, ameshika bomba la chanjo lenye kifyatuo kama bastola. Akamkumbatia mbele ya kamera.

"Hongera, Waziri wangu mpya wa Ulinzi!"

Jenerali alifika baadaye kidogo. Akaonyeshwa mbuzi walipo, akachanja.

*

Basi Mheshimiwa Kachenje akakaa uwaziri wake kwa adabu. Hongera haikuwa na adui, maana majirani wote walishapongezwa kwa ujirani mwema na hawakuwa na njia ya kujitoa. Kazi kubwa ya Waziri wa Ulinzi ilikuwa kukaa bungeni na kugonga meza.

Hapo ndipo vilipoingia vishikwambi. Serikali iliamua Bunge liache karatasi, kila mbunge akapewa kishikwambi chake. Wiki ya kwanza wabunge wakaviweka mezani, ikaja hoja ya kumpongeza Mtukufu, wakagonga meza kama kawaida yao, vioo vikapasuka. Ikatoka amri kwamba vishikwambi vikae mapajani. Amri ile, jamani, ndiyo chanzo cha mambo yote, maana kitu kilichopo pajani hakionwi na Spika.

Cha Mheshimiwa Kachenje kilikuja na gemu ndani yake. Nani aliliweka, haijulikani. Alikuwa akitafuta hotuba ya bajeti, kidole kikateleza, mara akajikuta amevaa joho la chuma kwenye sayari nyekundu iitwayo Dronga, bunduki ya miali mkononi, na Wadronga watatu wanamjia mbio. Mdronga ni kiumbe wa kijani kibichi, ana macho matatu na mwendo wa mbuzi mwenye ugonjwa wa kwato. Mheshimiwa aliutambua mwendo ule papo hapo. Wakampiga, akafa.

Gemu likamwambia kwamba akitaka kufufuka atazame tangazo la sabuni. Akatazama. Akafufuka. Wakampiga tena.

Kufika mwisho wa mkutano ule wa Bunge alikuwa mtu mwingine. Gumba la kushoto kutembea, gumba la kulia kulenga. Kidole cha shahada kikija kwa juu kuongeza risasi. Alijua kujibanza nyuma ya mwamba, kusubiri ngao ijae, kurusha guruneti likapiga ukuta na kumrudia adui mgongoni. Kioo kilijaa mafuta ya vidole, kishikwambi kilipata moto hadi suruali ikanukia kama imepigwa pasi. Na ngojeni niwaambie kitu cha ajabu: alikuwa na furaha. Mtu mzima, waziri mzima, tangu aingie serikalini hakuwahi kufanya jambo likafanyika. Huku ukipiga risasi Mdronga anaanguka. Ukikosea, unakufa, wala hapatokei mtu wa kukupongeza.

"Baba Siwema, kula," mkewe, Bi Mwamvita, alimwambia mezani. "Mchuzi umepoa unakutazama tu."

"Nakuja, mke wangu. Nimalize huyu mmoja."

"Huyo mmoja ulianza kummaliza juzi. Sasa hivi nikikutuma gengeni utakwenda umejibanza ukutani kama mwizi."

*

Jumanne ile Waziri wa Shangwe na Habari, Mheshimiwa Pudensiana Mruke, alikuwa akisoma bajeti ya vigelegele. Mama huyu ana sauti ya kuamsha marehemu. Alikuwa amefika mahali pa kuomba vigelegele vya akiba viwekwe kila mkoa kwa ajili ya dharura, na ukumbi mzima umesinzia.

Mheshimiwa Kachenje yeye hakusinzia. Alikuwa ameingia ngome ya mwisho. Mbele yake amesimama Malkia wa Wadronga, jitu la mikono sita, mate yake tindikali. Uhai umebaki kijistari chembamba chekundu. Akaruka kushoto, akapita chini ya meza ya mawe, akarusha guruneti, likagonga dari, likarudi, likamwingia Malkia mdomoni wakati anapiga mwayo. Sayari yote ikatetemeka. Nyota za dhahabu zikamwagika kioo kizima.

"NIMEMMALIZA!" akapiga ukelele, amesimama, mikono juu. "Dronga ni yetu!"

Ungesikia nzi akibadilisha kiti.

Spika akainama juu ya meza yake. "Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi. Umemmaliza nani?"

Kucheza gemu bungeni ni kosa. Kumkatiza Mheshimiwa Pudensiana akiwa kwenye vigelegele ni kosa kubwa zaidi.

"Malkia, Mheshimiwa Spika."

"Malkia wa wapi?"

"Wa... wa Dronga."

Spika akageuka kutazama ramani iliyotundikwa ukutani. "Dronga hii iko upande gani wa nchi?"

"Juu, Mheshimiwa Spika."

"Kaskazini?"

"Juu zaidi ya hapo."

Minong'ono ikatambaa safu hadi safu. Vita! Kumbe tuko vitani, na mwenzetu anaviendesha pajani, kimyakimya, bila kutusumbua!

"Na hasara upande wetu?" Spika akauliza kwa sauti ya msibani. "Tumepoteza watu?"

"Ni mimi tu, Mheshimiwa Spika. Nimekufa mara nyingi sana."

Mbunge mmoja wa viti vya nyuma akaangua kilio. "Mnasikia?" akawauliza wenzake. "Mwenzetu amekufa mara nyingi kwa ajili ya nchi! Humu ndani kuna watu hawajafa hata mara moja!"

Hapo Mheshimiwa Kachenje akaona mambo yanaharibika. Akashika kipaza sauti. "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa ufafanuzi. Jambo lenyewe ni ge..."

Lakini nani amtangulie Pudensiana? Alikwishafunga bajeti yake, amejaza mapafu. "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja! Bunge hili tukufu limpongeze Mheshimiwa Kachenje kwa kuiteka Dronga! Hongera!"

Meza zikagongwa hadi miguu ikang'oka, mmoja wa meza na mmoja wa mbunge. Ikawa imekwisha. Kwa mujibu wa Katiba, Dronga ilikuwa imetekwa.

*

Nchi ikachangamka. Mtukufu Rais alilipongeza Bunge kwa kumpongeza Waziri. Bunge likampongeza Mtukufu kwa kulipongeza. Baraza la Mitihani likawafelisha watoto wote waliochora ramani ya nchi bila Dronga, kwa uvivu wao. Tume ya Uchaguzi ikakaa, ikaona kwamba Mdronga ana macho matatu, na kwa kuwa mpiga kura mwema hupiga kura kwa macho yaliyo wazi, ikaamua kila jicho lihesabiwe. Machifu wa makabila mawili wakagombana hadharani, kila mmoja akidai babu yake ndiye aliyetoka Dronga kwanza.

Hata upinzani haukulala. Hongera inao upinzani. Ni mzee mmoja, anaruhusiwa kupinga kila Jumatano asubuhi kabla ya chai. Akasimama na ukali wake wote.

"Nataka Serikali itamke bila kuumauma maneno! Huko Dronga, maji yapo?"

"Serikali inaitambua changamoto ya maji Dronga," akajibu Waziri wa Maji, "na mchakato unaendelea."

"Aa, kama mchakato unaendelea, hongereni," akasema yule mzee, akakaa, akanywa chai.

Mheshimiwa Kachenje alikuwa akitembea mitaani na miguu haigusi chini kwa aibu. Watoto walimkimbilia wamejipaka majani usoni, wakijiita Wadronga, wakiomba awapige risasi. Akajisemea moyoni: haidhuru, kelele hizi zitapoa. Si hata yule bwana wa Mikoroshini leo ana wajukuu?

Zingepoa kweli, lau si mila moja ya Hongera, kongwe kuliko Katiba: anayeuteka mji ndiye anayekwenda kuukalia, na ukitekwa na wawili, huenda aliyeuteka mwisho. Haijawahi kuleta shida, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuteka kitu. Ijumaa Mtukufu Tandawala akahutubia taifa. Hotuba zake huanza saa ya chai na kwisha watu wakiwa wamebadilika umri.

"Wananchi wenzangu," akasema alipokaribia mwisho, "sayari bila kiongozi ni kama gari bila honi. Namteua Mheshimiwa Anzuruni Kachenje kuwa Mkuu wa Mkoa wa Dronga. Aripoti kituoni Jumapili. Hongera, Mkuu wa Mkoa!"

*

Jumamosi Mheshimiwa Kachenje akaitwa kambi ya jeshi kukagua usafiri wake. Nchi haikuwa na roketi. Ilikuwa na tangi la maji la plastiki, jeusi, kubwa, ambalo wahandisi walikuwa wamelipaka rangi za bendera. Chini yake wamefunga fataki zote zilizosalia katika sherehe za Uhuru. Ndani wameweka kiti cha ofisini cha kuzunguka, picha ya Mtukufu, na kapu la maandazi.

"Litaruka?" aliuliza.

"Kuruka litaruka, Mheshimiwa," akajibu kanali mhandisi kwa heshima. "Kwenda tumekamilisha. Kurudi ndiko bado kuko kwenye mchakato."

"Mmelijaribu?"

"Tumejaribu kwa mbuzi, Mheshimiwa."

"Mbuzi akarudi?"

Kanali akatazama viatu vyake. "Kwa awamu, Mheshimiwa."

Mheshimiwa Kachenje alimjua mbuzi yule. Alikuwa amemtibu mafua.

Jioni akakaa mezani na mkewe, hata kishikwambi hakukigusa. Bi Mwamvita akajua kuna jambo.

"Baba Siwema, si useme tu? Kasimame, uwaambie: jamani, mimi nilikuwa nacheza."

"Nikisema nilikuwa nacheza nimerudisha pongezi. Uhaini huo. Watanifunga kamba."

"Na usiposema?"

"Watanifunga fataki."

Bi Mwamvita akaweka upawa chini taratibu. "Mume wangu umekuwa bwana mifugo maisha yako yote," akasema. "Hujawahi kumdhuru hata kupe bila sababu. Sasa unakwenda kufa kwa ajili ya watu wa kijani ambao hawapo."

"Wapo, mke wangu. Tatizo ni kwamba wapo humu," akasema, akigonga kioo cha kishikwambi kwa ukucha.

"Basi nikupikie nini? Huko juu kuna baridi au joto?"

Wakatazamana. Kisha wakacheka, cheko lile la watu waliokosa pa kushika, mpaka Bi Mwamvita akafuta machozi kwa ncha ya kanga na haikujulikana ni machozi ya upande gani.

*

Jumapili uwanja wa taifa ulifurika. Kwaya ilikuwepo, bendi ya jeshi ilikuwepo, tangi lilisimama katikati ya uwanja likimeremeta, na waganga wa mifugo wote walikuja kumuaga mwenzao wamevaa makoti meupe. Bi Mwamvita alikaa jukwaa la wake wa viongozi, amekaza macho kwa mumewe kama anayejaribu kumshikilia kwa kamba.

Huko Hongera hakuna kinachoanza bila Mtukufu kukianzisha. Mpira ukianza, yeye hupiga mkwaju wa kwanza na golikipa huangukia upande mwingine. Hivyo Mheshimiwa Pudensiana akatangaza kwamba kabla Mkuu wa Mkoa hajapaa, Mtukufu Rais atafyatua risasi ya heshima huko Dronga, kwa silaha ileile iliyotumika kuiteka. Kishikwambi kikaunganishwa na skrini kubwa ya uwanja ili taifa lijionee.

"Hii inashikwaje?" Mtukufu akanong'ona.

"Hivi, Mtukufu. Gumba hili kutembea, gumba hili kulenga."

"Unanifundisha kutembea?"

"La hasha, Mtukufu."

Mtukufu akaanza. Kwanza akatazama juu, akabaki huko. Skrini nzima ya uwanja ikawa dari. "Mtukufu anakagua paa la adui!" Pudensiana akapaza sauti. Mtukufu akateremka, akatazama sakafu, akazunguka kama pia. "Mtukufu anamchanganya adui!" Kisha bunduki ikafyatuka, na askari wa Hongera waliokuwa wamesimama nyuma yake, wale wa kwenye gemu, wakaanguka wote. "Mtukufu anawaadhibu waliosimama vibaya!" Makofi. Mtukufu akafa. "Mtukufu amepumzika kidogo!" Taifa zima likatazama tangazo la sabuni, limesimama, mkono kifuani.

Akafufuka. Sasa alikuwa ametoa ulimi nje kidogo, kama mtoto anayejifunza kuandika. Wadronga watano wakatokea mlangoni wanakuja na ule mwendo wao wa kwato mbovu. Mtukufu akataharuki, gumba likateleza kwa jasho, likagusa guruneti. Guruneti likabingirika polepole, wala bila haraka, likaingia katikati yao.

Puuu! Wadronga wakaruka vipande. Nyota za dhahabu zikamwagika skrini nzima.

Mtukufu Tandawala akabaki kinywa wazi. Katika utawala wake wote watu walianguka mbele yake kwa sababu walielekezwa waanguke. Hawa hawakuelekezwa na mtu. "Nimewapata!" akapiga kelele, akirukaruka na viatu vyake vilivyoshonwa kwa vipimo maalum. "Mmeona? Nimewapata mwenyewe!"

Mheshimiwa Kachenje alizitazama nyota zile. Zilikuwa zilezile alizoziona bungeni. Akalitazama tangi. Kanali mhandisi alikuwa amekwishawasha kibiriti na anakikinga na upepo. Akamtazama mkewe. Kisha akakiona kipaza sauti mkononi mwa Pudensiana, karibu kabisa na mdomo wake yeye, kwa kuwa mama yule alikuwa amenyoosha mkono kukamata neno la mwisho la shujaa kabla hajaondoka.

Hakufikiri. Angefikiri, asingethubutu.

"Hongera, Mtukufu Rais," akasema, na spika zote za uwanja zikasema naye, "kwa kuiteka Dronga!"

Pudensiana, kwa mazoea, akapiga kigelegele. Kilimtoka kabla akili haijafika. Na kigelegele cha Waziri wa Shangwe kikishatoka, raia hana ruhusa ya kunyamaza. Uwanja mzima ukaitikia: hongera! hongera! Kisha likatokea jambo ambalo halijapata kuonekana. Katikati ya makofi watu wakaanza kuelewa wanapiga makofi ya nini. Kwanza safu ya mbele, halafu jukwaa la shule, halafu huku juu kwenye jua. Badala ya kupungua, makofi yakapanda. Vibibi vikasimama juu ya viti. Kwaya ilipiga vigelegele kwa mara ya kwanza bila mwalimu kuinua fimbo.

"Asanteni," Mtukufu alikuwa akisema, anapunga mkono. "Asanteni, asante..." Mkono ukasimama hewani. Akalitazama tangi. Tangi, kwa namna fulani, lilikuwa linamtazama pia.

Akamgeukia Jaji Mkuu aliyeketi nyuma yake. "Jaji, lakini huu si mchezo tu?"

Jaji Mkuu akakohoa, akarekebisha wigi. "Mtukufu, Bunge lilishaamua kwamba si mchezo. Na wewe ulilipongeza kwa kuamua hivyo."

"Na nikirudisha?"

"Ibara ya pili, Mtukufu."

"Sasa nchi nitamwachia nani?"

"Tutajikaza, Baba!" sauti ya mama mmoja muuza karanga ikatoka mahali fulani juu kabisa, na uwanja mzima ukaitikia kwa uchungu wa wazi, "Tutajikazaaa!"

*

Mtukufu alipanda tangi kwa heshima zote, bendi ikipiga, kishikwambi kwapani, maana silaha haitengwi na mtekaji. Kiti cha kuzunguka kilimtosha vizuri. Picha yake mwenyewe ilimtazama kutoka ukutani, ikimtia moyo.

Fataki zilikuwa zimekaa ghalani tangu masika, nyingi zimelowa. Zile kavu zilifanya kazi yao: tangi likanguruma, likatoa moshi wa rangi zote za bendera, likainuka juu ya jukwaa, juu ya ukuta, likapita barabara kuu, likatua kwa kishindo kwenye machimbo ya kifusi nyuma ya uwanja, ambako udongo ni mwekundu kupita kiasi.

Mtukufu akafungua kifuniko, mzima wa afya, kofia tu ndiyo imepinda. Mbele yake palikuwa na nyika nyekundu isiyo na mti. Wachimbaji wakamsogelea, wamejifunga vitambaa usoni kuzuia vumbi, wamevaa makoti ya kijani ya kazini.

"Hamjambo, Wadronga?" akauliza.

Wahongera, kama nilivyosema, ni watu wapole. Hawambishii mtu mzima.

"Hatujambo, mzee," akajibu mmoja. "Hongera kwa kufika."

Ikawa imekwisha. Amefika Dronga, na aliyefika amefika. Mpaka leo anakaa hukohuko, amejengewa banda zuri, na wachimbaji wanasema si mtu mbaya, ila anatazama sana juu. Anacho kishikwambi, lakini chaja yake ilibaki mfukoni mwa koti la Mheshimiwa Kachenje. Kutuma kitu nje ya dunia kunahitaji kibali cha Mkuu wa Mkoa unaokipokea, na kibali hutolewa kwa kishikwambi. Mchakato unaendelea.

Huku nyuma kiti cha Ikulu kikabaki wazi, na hapo ndipo Wahongera walipopatwa na jambo geni, woga wa kupongezwa. Mheshimiwa Pudensiana alikuwa wa kwanza: alikimbia nyumbani, akajifungia, akawatumia watu ujumbe kwamba hajafanya chochote kizuri maishani na asihusishwe. Spika akajitangaza mzembe. Mawaziri walipokutana njiani walipitana upande wa pili wa barabara, mikono midomoni, kila mmoja akichelea mwenzake asije akamtupia neno lile kwa bahati mbaya na kumpeleka mahali. Na kwa kuwa hakuna aliyepongezwa kwa maji, ikabidi maji yatoke ili watu wayaone. Kwa kuwa hakuna aliyepongezwa kwa barabara, ikabidi zijengwe. Ilikuwa hali mbaya sana, mafundi walichoka.

Mheshimiwa Kachenje alirudi kwa mbuzi wake, na haitwi tena Mheshimiwa, ameomba hivyo. Wateja wake wanajua masharti. Mbuzi akizaa mapacha, mwenye mbuzi akafungua kinywa kumshukuru, bwana mifugo huinua mkono haraka.

Juzi Siwema, binti yake, aliingia uani anakimbia, sare ya shule haijafungwa vifungo, anahema.

"Baba! Mama! Nimefaulu! Nimekuwa wa kwanza nchi nzima!"

Bi Mwamvita aliangusha mwiko. Machozi yakamlenga, neno likampanda hadi kooni, likafika kwenye meno. Majirani walikuwa wameshatoa vichwa juu ya ua, masikio wazi. Mumewe akamwahi, akamshika mkono, akatikisa kichwa taratibu.

Kisha akamkumbatia binti yake kwa nguvu zote, huku sauti ikimtetemeka kwa furaha.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Pole sana."